Karatasi ya Juu ya Mlango

Fundi aliniuliza kama achome. Alikuwa juu ya ngazi, ameshika furushi la karatasi zilizojaa vumbi, na moto wa takataka ulikuwa tayari unawaka uani. Tulikuwa tunaibomoa nyumba ya Bibi pale Ngamiani, ile ya miti na udongo, maana mpya ya matofali ilikuwa imeshasimama pembeni yake. Nilipiga kelele mpaka mwenyewe nikashtuka: "Usichome! Hebu lete hapa!" Akacheka, akidhani labda nimeona hati ya shamba.

Hazikuwa hati. Zilikuwa karatasi ambazo Bibi alizichomeka juu ya mlango, pale ukuta unapokutana na boriti, miaka na miaka. Kama ulikulia pwani unaijua desturi yenyewe: karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi, haikanyagwi, wala haifungiwi kitu. Ukiiokota njiani unaipuliza vumbi, unaipandisha mahali pa juu. Nikazikunjua moja moja: dua, kurasa za juzuu zilizochakaa, barua ya zamani kutoka Pangani. Ya mwisho ilikuwa karatasi nene, ina doa la mafuta pembeni. Nikaanza kuisoma kwa sauti, herufi kwa herufi kama tulivyofundishwa chuoni, pale tuliposomea Kurani, na kilichonitoka mdomoni hakikuwa Kiarabu wala Kiswahili. Nilipofika mstari wa pili nikakaa juu ya matofali.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Ilikuwa miaka ile kabla ya ruksa, biashara ilipokuwa bado haijafunguliwa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na ukiona watu wamejipanga ulisimama kwanza, ukauliza baadaye kinauzwa nini. Shuleni chaki ilikatwa vipande vitatu. Mimi nilikuwa darasa la saba, mtihani wa mwisho umebaki wiki chache, na kitabu cha Kiingereza chenye orodha ya vitenzi kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Nacho hakikuwa cha shule. Kilikuwa cha mwalimu wetu mwenyewe, alichotoka nacho chuo cha ualimu. Jalada lilikwisha zamani, kurasa za mbele zilikwisha, na pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika vimaelezo kwa wino mwekundu.

Mwalimu huyo alikuwa Mbondei mrefu, mtu wa Muheza, mwenye kaunda suti iliyofubaa magotini. Alikuwa na sharti moja. Kitabu kingezunguka nyumba kwa nyumba kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, kila mtoto siku mbili au tatu. "Kikirudi na pungufu," alisema, "hakitoki tena mkononi mwangu. Mtihani mtaufanya kwa kubahatisha, nyote." Zamu yangu ilipofika walikuwa wamebaki kumi na wanne nyuma yangu.

Wiki ile alikuwa ametufundisha lile umbo la tatu la kitenzi, gone, eaten, broken, akatutajia kazi zake mbili. Ukiliweka na have, alisema, unaeleza jambo lililokwisha kutendeka lakini alama yake bado unaiona. Ukiliweka na be, unaweza kusema kilichotendeka bila kumtaja aliyetenda. "Hii ya pili wanaipenda sana wakubwa wa maofisini," akaongeza, akitazama dirishani kama hajasema kitu. "Sukari imeliwa. Mlaji hajulikani." Tulicheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Basi, Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi, kitabu kimefunguliwa mbele yangu. Go, went, gone, nakuna. Eat, ate, eaten, nakuna. Bibi alikuwa akiuza bajia za kunde barazani kila alasiri. Kunde zilitoka kwa ndugu yake huko Mwera, na mafuta ya dukani yalipoadimika alipika yake mwenyewe kwa tui, nyumba nzima ikanukia nazi. Kitu kilichomtesa kilikuwa karatasi za kufungia. Zamani mama wa Kihindi wa duka la jirani alimpa magazeti. Sasa hata magazeti yalikuwa ya kugombea. Tulikuwa tunaokota karatasi popote, na kila moja Bibi aliinyanyua kwenye mwanga kuangalia kama ina herufi za chuoni. Ikiwa nayo, juu ya mlango. Ikiwa ya kizungu, sandukuni, ikangoje bajia.

Manyunyu yakaanza, na wakati huohuo nikaitwa nikachote maji. Nikatazama huku na huku mahali pakavu pa kuweka kitabu. Niliona sanduku la karatasi. Nikakiweka humo, juu kabisa, nikafunika vizuri, nikachukua ndoo yangu. Hata leo nikilikumbuka lile funiko natamani kujipiga kofi.

Bombani palikuwa na foleni ndefu, nikarudi alasiri imeshaingia. Kwenye kona ya mtaa wetu fundi baiskeli alikuwa anakula bajia. Alimaliza, akaifuta mikono yake ya grisi kwa karatasi, na kwenye ile karatasi nikaona wino mwekundu. Ndoo ilinitoka kichwani. Maji yakamwagika hadi miguuni kwake, akaanza kunifokea, nami nimeshaipokonya ile karatasi nakimbia.

Bibi alikuwa barazani, karai linachemka, kitabu kiko mapajani mwake. "Bibi, umechana ngapi?"

"Ngapi za nini, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Hicho ni kitabu cha mwalimu!"

Alikitazama. Mkono wenye kunde ulibaki hewani. "Hakina jalada," akasema taratibu. "Nimetazama, hakina herufi." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole ni nani waliopita: fundi baiskeli, mama wa dukani mara mbili, wanywa kahawa, na mchuuzi wa samaki wa Kigombe aliyekuwa akiwahi basi. Karatasi tano. Nikatimua mbio.

Kwenye baraza la kahawa niliikuta moja chini ya kikombe cha mzee, nikasahau hata kusema shikamoo. Nikakimbilia stendi. Basi lilikuwa limeshaanza kuondoka. Nililifukuza napiga ubavu wake kwa kiganja, mpaka yule mchuuzi akatoa kichwa dirishani. "Karatasi ya bajia!" nikamlilia. "Nipe karatasi!" Akanionyesha mikono mitupu. "Nimeshaitupa, mwanangu. Kule njiani." Nilirudi nakagua mtaro baada ya mtaro hadi jua likazama, na sikuiona. Hiyo ndiyo ilikuwa na orodha yenyewe, vitenzi vyote katika safu tatu. Yaani nilikuwa nimekomboa makapi, nafaka imekwenda.

Mama wa dukani alikuwa ananingoja mlangoni. Rafu zake siku hizo zilikuwa na majani ya chai na dawa ya viatu tu. "Binti, njoo hapa. Hii kitabu, siyo takataka," akasema kwa ukali, na kumbe karatasi zake mbili alikuwa ameshazilaza juu ya kaunta na kuzinyunyizia poda. Poda, wakati ule! Akazichukua na zangu mbili, akazinyunyizia vilevile, akatandika kitambaa, akapitisha pasi ya mkaa juu yake polepole. Mafuta mengi yalitoka. Harufu ya nazi haikutoka.

Niliporudi nyumbani Bibi hakuwa amegusa chakula. Alikuwa amekaa mkekani, na mtu huyo ambaye ulimi wake mtaa mzima uliuogopa hakuweza kunitazama usoni. "Astaghfirullah," alisema. "Mie nimefungia watu bajia kwa elimu ya mtu. Jumatatu n'takwenda mwenyewe kwa mwalimu wako, n'mwambie ni mie." Nilimuonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nilimjibu kwamba hata akienda, karatasi haipo.

Kisha akauliza, "Kwani hukuihifadhi?"

"Nimeihifadhi nusu. Au zaidi. Sijui."

"Basi soma sasa hivi, kabla haijakutoka. Soma, mie n'andike."

Akafungua kasha lake, akatoa kalamu ya mwanzi, wino, na karatasi mbili nzuri alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kuandikia kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe. Mimi nikatamka, yeye akaandika kwa herufi alizozijua. Goo, wenti, goni. Iti, eti, itini. Mara kwa mara alinizuia: "Hilo limeungana na hili, au limekaa peke yake?" Aliandika asichokielewa hata neno moja, na uso wake ulikuwa uleule wa akiandika dua.

Jumapili nzima alinisomesha kama mwanafunzi wa chuo. Nilikaa mbele yake miguu nimekunja, nasoma kwa moyo, naye akifuatisha kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Nikiruka mstari kidole kilisimama. "Umeuacha mmoja." Nikibisha alinipiga kikofi cha goti. Vitenzi vilivyojificha vilirudi kimojakimoja, na kila kilichorudi alikiongeza pembeni. Alasiri hiyo bajia hazikuuzwa. Kabla ya magharibi niliinakili orodha yote kwa herufi za shuleni kwenye karatasi ya pili, tukaibandika kitabuni pamoja na zile kurasa nne, kwa uji wa muhogo.

Jumatatu sikumruhusu Bibi aje. Nilitoka nyumbani yeye bado anatafuta baibui lake.

Mwalimu alikifungua kitabu mbele ya darasa. Alikinusa. Akapindua ukurasa, akapindua mwingine, akafika kwenye karatasi niliyoinakili, akasimama hapo. Wale kumi na wanne wote walikuwa wananitazama mgongo.

"Nini kimetokea?"

"Kimechanwa, mwalimu."

"Nasikia kimechanwa," akasema. "Kimechanwa na nani?"

Nilijua nimekimbilia ile kazi ya pili ya umbo la tatu, naye alijua. Jibu lilikuwa mdomoni, na lilikuwa kweli tupu: Bibi. Nikamwona amekaa mkekani hanitazami. "Na mimi," nikasema. "Nilikiweka pabaya."

Nilipigwa fimbo mbili, moja kila kiganja. Halafu akaanza kuisoma ile orodha mstari kwa mstari, midomo inacheza, kalamu nyekundu mkononi. Alisahihisha tahajia mahali pawili. Kisha akakifunga kitabu, akaita jina lililofuata. "Njoo uchukue. Na usikiweke karibu na bajia." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alijua.

Jioni Bibi alivishika viganja vyangu, akaviona, akavipaka mafuta ya nazi. Ile karatasi yake ya kwanza sikuiona tena, nikadhani imetupwa, na baadaye nikaisahau. Ruksa ikaja, madukani kukajaa, vitabu vikawa vya kununua, bajia zikafungwa kwenye nailoni. Mama wa dukani alihama na watoto wake. Mwalimu alihamishiwa mbali. Mimi ndiye niliyekuja kuwa mwalimu wa Kiingereza, na kila mwaka nikifika kwenye umbo la tatu husikia harufu ya nazi, wanafunzi wangu hawajui kwa nini nasimama kidogo.

Sasa nilikuwa nimekaa juu ya matofali, Bibi yuko chini ya ardhi miaka mingi, na orodha yake iko mkononi mwangu. Vitenzi vyote vimo, pamoja na vile vya pembeni. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao mimi sikuutamka siku ile. Huo ulikuwa Kiswahili. Nikaufuata kwa kidole, kutoka kulia: Haya ni maneno ya mjukuu wangu. Yasitupwe.

Fundi akauliza tena, hiyo moja je, aichome? Nikamwambia hapana. Nikatazama juu ya mlango mpya, pale saruji ilipokutana na zege, nikitafuta pa kuichomeka. Hapakuwa na upenyo hata mmoja.