Sahani Hairudi Tupu

Enzi zetu pale Tanga, sisi tuliolelewa Ngamiani, sahani ilikuwa na miguu. Haikutulia kabatini. Ikipikwa mihogo ya nazi kwetu, kabla hatujaonja, sahani imeshafunikwa kawa inapelekwa kwa Mama Saumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Na siku Mama Saumu akikaanga samaki, harufu haijamaliza uchochoro tunasikia hodi. Mpelekaji nilikuwa mimi. Mama alinikabidhi sahani kwa mikono miwili na maneno yale yale kila siku: "Usikimbie, usichungulie, na ukifika salimia kwanza." Nilichungulia, bila shaka. Mkate wa kumimina wa kwetu ulifika mara nyingi ukiwa umemegwa pembeni, na Mama Saumu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema panya wa siku hizi wana meno madogo.

Sheria ilikuwa moja: sahani ya watu hairudi tupu. Unakula, unaosha, kisha unatia ulichonacho. Vitumbua viwili, kipande cha papai, hata mchele wa konzi moja. Nakumbuka kipindi baba hana kazi na jikoni kwetu mafiga yamepoa. Mama alishika sahani ya Mama Saumu akazunguka nayo weee, akafungua makopo na kuyafunga, mwishowe akatoka uani akachuma ndimu moja, akaiweka katikati, akafunika kawa kana kwamba ni pilau. Nikasema naona aibu kuipeleka. "Hata ndimu," akanijibu. "Mtu asifunue akakuta hakuna kitu." Mama Saumu alipoifunua alishukuru kama aliyeletewa mbuzi. Nilidhani anaigiza. Nimezeeka ndiyo nimeelewa kwamba hakuigiza.

Na mabaraza je! Nani aliuliza baraza ni la nani? Ukichoka njiani unaketi, mwenye nyumba akitoka anakuuliza habari za nyumbani, akiwa na maji anakupa. Sisi wasichana tulicheza mdako kwenye baraza la mzee mmoja muuza baiskeli mpaka kokoto zikachimba sakafu yake, na tukihamia rede barabarani alilalamika kwamba pamekuwa kimya mno. Vijana wa leo wakikaa kumi kwenye kochi moja kila mtu yuko na simu yake na masikio yamezibwa kwa vile vidude vyeupe. Enzi zetu ukizibwa masikio ujue umepigwa kofi.

Nayasema haya nikiwa Riverdale Park, Maryland, huku Marekani, kwenye fleti ambayo treni ya mizigo ikipita vikombe vyangu vinagongana. Nimetunza wazee wa watu katika nchi hii mpaka mgongo ukakataa, na sasa mzee ni mimi. Tangu mume wangu aliporudi kwa Mola wake, mlango wangu hugongwa na mleta vifurushi peke yake, naye nikifika ameshaingia garini. Mlango wa mkabala anakaa msichana ambaye jina lake silijui. Tukikutana kwenye lifti anasema "Hi," nami nasema "Hi," kisha sote wawili tunazitazama namba za lifti kama vile zitatupa habari. Sitawaficha, wenzangu: nilikuwa mpweke, na nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka mtu mmoja tu agonge mlango wangu bila kutumwa.

Niliwahi kumwambia binti yangu Rukia, anayeishi mji wa Columbia, humu humu Maryland, na mumewe na wanawe, kwamba nataka kumpelekea yule jirani maandazi. Alishtuka utadhani nimesema nataka kumwibia. "Mama, no. Huwezi tu kuknock kwa watu. Utawascare." Badala yake akaninunulia safari ya meli ya kitalii. "Unaneed kupumzika, Mama. Nishabook, usikatae." Tulipaswa kwenda wote. Wiki ya safari kazini wakamzuia, nikapanda peke yangu na sanduku langu. Kule melini chakula kilikuwa cha kumwaga. Nilikula kila siku kwenye meza ya watu wanne, na viti vitatu nikaviwekea mkoba, sweta na miwani, pasionekane patupu.

Meli ikatia nanga Cádiz, mji wa bandari wa zamani sana kule Uhispania. Wenzangu walifuata kibendera cha mtembeza wageni kuelekea kanisa kuu lenye kuba la manjano. Mimi niliwaacha. Niliingia uchochoro wa kwanza niliouona, mwembamba, nyumba ndefu pande zote, vibaraza vya chuma juu vyenye vyungu vya maua, na upepo wa chumvi ukipita katikati. Nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga. Wallahi miguu ilisimama yenyewe. Ilikuwa harufu ya kwetu, ya Mama Saumu, ile ya mafuta yaliyoiva sawasawa, na mimi mwanamke mzima nikaanza kuifuata harufu kwa pua kama paka. Ikanifikisha mwisho wa uchochoro, penye kiwanja kidogo, kwenye mlango mkubwa wa mbao uliokuwa wazi, ndani ukumbi wenye vigae vya buluu, nje jiwe refu la kukalia. Nikaketi. Sikufikiria hata kidogo. Nilikuwa nimechoka, baraza lipo, nikaketi.

Nilishtuka niliposikia ndara zinakuja. Ndipo nilipokumbuka kwamba niko Ulaya, nimekaa kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, na sauti ya Rukia ikanijia: utawascare. Akatoka bibi kizee aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka mingi, amevaa gauni jeusi na aproni. Mdomo wangu ukasema "Shikamoo" kabla sijauzuia. Alinitazama. Akaitazama miguu yangu iliyovimba. Akarudi ndani, nami nikaanza kukusanya mkoba wangu niondoke kabla hajaita polisi.

Alirudi na sahani ya samaki wadogo wa kukaanga, na kipande cha limau pembeni.

Akaketi kando yangu, tukala kwa mikono. Yeye alisema Kihispania chake chote, mimi Kiswahili changu chote, hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyenyamaza. Alinionyesha pete yake, kisha akaelekeza kidole mbinguni. Nikamwonyesha yangu, nikaelekeza huko huko. Hapo akanisogezea samaki mkubwa kuliko wote.

Muda wa kurudi melini ukafika, na sahani iko mikononi mwangu, tupu. Jamani, sikuweza. Miaka yote hiyo Marekani, lakini mkono wa mama yangu bado uko shingoni. Nikaufukua mkoba: tishu, dawa za presha, tasbihi, na chini kabisa chungwa nililolichukua mezani asubuhi pale melini, maana sisi na chakula cha bure mnatujua. Nikaliweka katikati ya sahani, nikampa kwa mikono miwili. Ndipo nilipoinua macho nikaona kiwanjani mbele yetu michungwa imejipanga, imebeba machungwa hadi matawi yanalalamika. Nimempelekea Mtanga dafu! Yule bibi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, akalichukua lile chungwa akaliweka kifuani, akanibusu shavu hili na hili. Nililia njia nzima hadi bandarini, na mlinzi wa melini akaniuliza kama nimeibiwa.

Nyumbani Rukia alitaka picha. "Mama, uliona ile cathedral?" Nikamwambia niliiona, nayo ilionekana kwa mbali kweli. Yule bibi sina picha yake. Ila nilirudi na ushujaa. Ijumaa nilisaga mchele, nikatia iliki, nikapika mkate wa kumimina mpaka koridoni kukanukia. Nikauweka kwenye sahani yangu ya maua ya arusi, nikavuka, nikagonga mlango wa mkabala. Msichana aliufungua kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Nimepika," nilimwambia kwa Kiingereza changu. "Ni mkate wa kwetu. Mimi ni jirani yako."

"Oh wow. Thank you so much," akasema, na kwa kweli alitabasamu. Akafungua mnyororo, akapokea, na mlango ulipofungwa nikasikia mnyororo unarudi mahali pake.

Nikaanza kungoja. Nilipunguza sauti ya televisheni. Nilitandika kitambaa kizuri mezani, nikatoa vikombe viwili, nikayaacha majani ya chai karibu na jiko. Kila kishindo cha koridoni nilinyanyuka. Siku ya pili jioni nilisikia nyayo zikija mpaka mlangoni kwangu, zikasimama. Nikajifunga kanga vizuri. Hakuna aliyegonga. Nilipofungua, koridoni hapakuwa na mtu, na chini, juu ya zulia la mlango, ipo sahani yangu. Imeoshwa ikang'aa, imefutwa hadi ukingoni. Tupu.

Simlaumu. Kwao kuirudisha safi ndiyo heshima yenyewe, na pengine alisimama pale akaogopa kunisumbua, kama mimi nilivyoogopa kule Cádiz. Enzi zetu tulikuwa hatuna kitu na sahani zilirudi zimejaa. Leo tuna kila kitu, sahani zinarudi zinameremeta. Hakuna aliyemwambia sheria ile. Mimi nilikuwa na Mama.

Nikaiingiza ndani. Kikombe kimoja nikakirudisha kabatini. Kisha nikafungua friji, nikatoa ndimu moja, nikaiweka katikati ya ile sahani, nikaifunika pale pale mezani kwangu.