Mswaki wa Umeme wa Makanyagio

Jamani, nasukutua maji ya chumvi hapa na bado sijatulia.

Leo nimeingia duka la vifaa vya umeme Makanyagio, nikaona mswaki wa umeme. Nikasita. Una faida kweli, au mbwembwe tu?

Muuzaji akasema, "Jaribu kwanza, dada. Kitu cha umeme hakitoki hapa bila kujaribiwa."

Kweli, hata redio huwa tunajaribu. Nikauweka mdomoni. Ukanguruma, meno yakatetemeka. Nikaupenda!

Mara akaingia jirani yangu, Mama Neema.

"Eh! Huo mswaki haujanunuliwa tu? Mimi nimeujaribu jana, unafika mpaka kwenye magego!"

Nikamgeukia muuzaji, mswaki bado uko mdomoni.

Akatabasamu. "Wote wanausifia, dada."

WOTE?!

Nyie watu wa Makanyagio, nani mwingine ameujaribu? Jitokezeni, tujuane.