Mgeni Niliyemsindikiza Hadi Darajani

Walisema sitafika hata uwanja wa ndege. Kabongo, kinyozi wa Kikongo mwenye kibanda karibu na stendi ya taxi pale Isipingo, Durban, alisema hivyo mbele ya wateja watatu, mashine ikiwa kichwani kwangu, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado.

"Grand, banakudanganya," aliniambia, maana kwao kaka mkubwa huitwa hivyo. "Iko wapi mto yenye batajiri banalipa kulala ndani ya mashua, na Mungu aliwapa nyumba? Eish. Utafika kule, batakutoa figo, batakurudisha na ya moja."

Wateja wakacheka. Mama Neema, Mtanzania mwenzangu anayeuza vitenge kibanda cha pili, akadakia kwamba mtu anayechanganya rangi kiwandani Jacobs hawezi kuwapikia Wazungu. "Utawapikia nini, kaka? Ugali?" Nilikuwa na diploma ya upishi na hoteli, niliyoisomea jioni kwa miaka mitatu nikitoka kiwandani na rangi kwenye kucha, na barua ya kazi ilikuwa mfukoni mwangu. Na ujue, hao hao waliocheka ndio walionikopesha nauli. Walinicheka asubuhi, wakanichangia jioni.

Basi nilifika. Lakini leo nataka kukueleza habari ya mtu niliyekutana naye huko. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu. Sinywi pombe, sikuwa na homa, na sina haja ya kutunga, maana maisha yangu yanatosha kusimuliwa bila kupambwa.

Kazi yenyewe ilikuwa Ireland, kwenye mto Shannon. Chukua tishari, chombo kipana cha chuma kilichobeba mizigo enzi za zamani, ukitoe matumbo yote, ukitie vyumba vya kulala vyenye mashuka meupe, sebule yenye meko ya moto, na beseni la maji ya moto juu ya sitaha. Hiyo ndiyo hoteli. Inatembea polepole kiasi kwamba mgeni akitaka anashuka, anapanda baiskeli ukingoni, anaipita, kisha anaisubiri mbele. Wageni ni wanane tu kwa wiki, na bei ya wiki moja ni bei ya gari. Wanakuja kuangalia ng'ombe, mabata na magofu, lakini niamini mimi, wanachokikumbuka wakirudi kwao ni chakula. Na mpishi alikuwa mimi.

Wiki tatu za kwanza walinipigia makofi. Nahodha wetu, mzee mmoja mwekundu wa uso aitwaye Donal, mtu asiyesifu hata jua likitoka, alirudia sahani mara mbili. Niliwapa samoni, nikawapa kondoo, na siku moja nikamtia huyo kondoo masala niliyonunua Chatsworth, kule kule Durban, kwa bibi mmoja wa Kihindi anayeisaga mwenyewe. Mgeni mmoja aliomba abusu mkono wangu. Nilimkubalia.

Jumanne ya wiki ya nne tulifunga kamba karibu na lango la maji, pale vyombo vinapopandishwa na kushushwa ili kufuata kina cha mto. Hapakuwa na mji, ni malisho tu na ukuta wa nyumba iliyobomoka. Ilikuwa saa tatu na nusu ya usiku, ila kiangazi cha kule kina mambo yake: saa tatu na nusu jua bado linang'aa, ng'ombe wanakula, ndege wanaimba. Usije ukafikiri nilidanganywa na giza. Giza halikuwepo.

Wageni walikuwa wamekula, nami nikajipikia ugali wangu. Nilikaa nyuma ya tishari, sahani mapajani, nikiutazama ukingo. Akatokea mwanamume pale ukingoni. Alikuwa mwembamba, koti limemzidi, kofia imefifia rangi, miguu mitupu. Alikuwa akiitazama sahani yangu.

Sasa wewe niambie, mtu aliyelelewa Mpwapwa na mama yangu afanye nini? Tonge liko mdomoni, mtu anapita. Nikasema, "Karibu."

Nilisema kwa Kiswahili, bila kufikiri. Wewe unajua na mimi najua kwamba ile karibu ni adabu. Unayemkaribisha anajibu, "Asante, endelea," hata kama hajala tangu jana, naye anapita zake. Ndivyo tulivyozoea. Yule bwana hakuwa amezoea hivyo. Alivuka ubao wa kupandia, ubao ambao hulia hata paka akipita, na safari hiyo haukulia. Akaketi karibu nami. Hakunawa, hakugusa tonge. Aliinama juu ya sahani, akavuta pumzi ndefu, na mvuke wa ugali ukakatika mbele ya macho yangu.

Nikamega tonge. Lilikuwa baridi, na halikuwa na ladha yoyote. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa.

Je, nilikimbia? Hapana. Nilijiambia nimechoka, nikaenda kulala. Asubuhi nilipofungua jiko, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, kofia magotini, ananisubiri nipike.

Hakuna mwingine aliyemwona. Nora, mama wa makamo aliyetunza vyumba na kugawa chakula mezani, alipita mbele yake na trei mara nne. Kila nilichopika, yule bwana aliinama juu ya sufuria, akavuta pumzi, na chakula kikabaki na rangi yake tu. Mayai hayakuwa mayai. Siagi ilikuwa kama nta. Nilikoleza chumvi, nikaongeza tena. Nikatoa masala ya Chatsworth, masala ambayo imewahi kumtoa machozi askari polisi, nikaimimina bila kupima. Wageni walikula kama watu wanaojaza fomu. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliweka uma chini na kuniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Nilisali sala zote ninazozijua. Yule bwana alisimama wima, kofia mkononi, akasubiri nimalize, kisha akaketi tena. Nilimwambia atoke, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa Kizulu cha stendi. Alinitazama kama mtu anayejua kabisa kwamba amealikwa.

Alhamisi asubuhi nahodha aliingia jikoni na kufunga mlango.

"Rafiki yangu," alisema, "wiki tatu umepika kama malaika. Tangu jana unatulisha sabuni. Kesho ni chakula cha mwisho cha wageni hawa. Kikiwa kama cha jana, Jumamosi nakutafutia ndege ya kurudi."

"Nahodha, kuna tatizo dogo."

"Naliona. Limevaa aproni."

Sasa ufikirie hali yangu. Nikirudi Durban baada ya wiki nne, nauli ya watu sijailipa, Kabongo ataihadithia kila kichwa anachokinyoa mpaka siku ya kiama. Nilikaa kwenye gunia la viazi. Nora akanikuta hapo, nikaamua kumweleza yote, liwalo na liwe. Nilitegemea acheke. Aliketi kwenye gunia la pili.

"Pale langoni?" aliuliza. "Ulikula nje, umeuelekea ukingo?"

"Ndiyo."

"Hawakukwambia? Pale tunakula ndani. Ukila nje, unatupa kipande cha mkate ukingoni, unaingia bila kugeuka."

Akanieleza kwamba zamani nchi yao ilipigwa na njaa kubwa. Watu wa mashamba yale waliambiwa mjini kuna uji, wakatembea kuufuata kando ya mto. Wengine hawakufika.

"Ulimpa nini?" aliuliza.

"Sikumpa kitu. Nilimkaribisha."

Nora alifanya ishara ya msalaba. "Ukamkaribisha," alisema. "Yesu na Maria. Sisi tunamtupia mkate, wewe umemwekea kiti."

"Anaondokaje?"

"Nitajuaje, mpenzi? Hakuna aliyewahi kumwalika."

Nilifikiri mchana kutwa huku namenya karoti zisizo na ladha. Diploma yangu haina somo la mambo haya, nakiri. Lakini mama yangu alikuwa nalo. Kwetu mgeni hafukuzwi. Akishakula, unainuka naye, unamfungia kitu cha njiani, unatembea naye mpaka mahali ambapo akiendelea peke yake hutajisikia vibaya. Nilikuwa nimemwambia karibu, kisha nikamwambia toka. Kati ya maneno hayo mawili kuna kazi, na mimi sikuwa nimeifanya. Tena nikajiuliza: alikuwa akielekea wapi? Mjini. Na sisi jioni ile tulikuwa tumefunga kamba nusu saa kwa miguu kutoka mji ule ule.

Baada ya chakula cha jioni nilivua aproni. Nikafunga mkate mzima na kipande cha jibini kwenye kitambaa safi cha mezani, nikasimama mbele ya kigoda. "Haya bwana," nilisema. "Twende nikusindikize."

Akainuka papo hapo.

Tulitembea kwenye njia ya kando ya mto, jua limelala juu ya malisho. Kwetu humsindikizi mtu kimya kama unapeleka maiti, kwa hiyo nilizungumza. Nilimweleza habari za Jacobs, jinsi harufu ya rangi inavyokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Nikamweleza kuhusu taxi za Isipingo na madereva wanaoona robot nyekundu, yaani taa ya barabarani, kama ushauri tu. Nikamweleza kuhusu Kabongo na figo zangu. Sijui alisikia nini, ila bega lake lilitikisika, na mimi namjua mtu anayecheka. Mwanzoni alikuwa nyuma yangu. Tulipoanza kuona paa za nyumba, alikuwa mbele, nami nilihema kumfuata.

Mahali mji unapoanzia pana daraja la mawe, na upande wa pili palikuwa na duka la samaki wa kukaanga, limefunguliwa, watu wamepanga foleni. Harufu ilitufikia. Alisimama. Nikampa furushi la mkate.

"Mimi naishia hapa," nilisema. "Wasalimie huko."

Alinipa mkono. Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wanapoacha kuniamini. Mkono wake ulikuwa wa moto, kama wa mtu aliyetoka kula sasa hivi. Kisha akavuka daraja. Hakuyeyuka, hakugeuka ndege, hakupaa. Alifika kwenye wale watu wa foleni akachanganyika nao, nami sikuweza tena kumtofautisha.

Nilirudi mbio. Nikachukua kijiko, nikaonja supu ya mchana. Hakuna kitu. Nikaonja tena. Nilijua nimemsindikiza mgeni na kazi yangu pamoja.

Hata hivyo Ijumaa nilipika, kwa sababu sikuajiriwa kukaa. Nilipika bila kuonja, kwa mkono na kwa jicho. Kondoo, karoti, mchuzi, mkate wa moto. Saa moja jioni nilimwita Nora nikampa kijiko. Alionja. Alivuta kiti, akaketi, akala bakuli lote, mtoto wa kike wa miaka hamsini na kitu, mchuzi kidevuni.

"Chumvi imetosha?" niliuliza.

"Unaniuliza mimi? Onja mwenyewe."

Nikaonja. Ladha ilikuwa imerudi kwenye chakula. Kwenye ulimi wangu, chumvi haikurudi.

Usiku ule wageni walisahau kuongea. Yule mwalimu mstaafu aliomba mkate wa pili ili afute sahani, na nahodha alikuja jikoni, akasimama, akatoka, akarudi, akaniambia nibaki mpaka mwisho wa msimu. Nilibaki. Mwaka uliofuata waliniita tena, na mshahara ukapanda.

Leo nimerudi Durban. Nina jiko langu Isipingo, wafanyakazi wanne, jina langu limeandikwa ukutani kwa rangi niliyoichanganya mwenyewe. Pilau yangu inafuatwa na watu wa kutoka Chatsworth. Lakini mpaka ninapokueleza haya sijui chumvi inafananaje. Sukari naipata, pilipili naipata, ndimu naipata. Chumvi hapana. Mke wangu ndiye anayeonja kila sufuria, na tukigombana asubuhi, wateja wanajua. Daktari alinimulika mdomoni akasema ulimi ni mzima. Simlilii mtu. Nadhani yule bwana alihitaji kitu kidogo cha njiani, akakichukua.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma, hasa wewe unayejiandaa kwenda nchi za watu: usimtupie mtu karibu kwa mazoea tu. Si kila mtu anajua kwamba anatakiwa kukataa. Kabla hujalitamka, angalia anayepita, angalia miguu yake, na ujiulize kama una nguvu ya kutembea naye mpaka anakokwenda. Kama huna, kula ndani.

Nilipomaliza msimu wa kwanza nilitua Durban Ijumaa. Jumamosi nilianza kurudisha nauli za watu, wa kwanza Mama Neema. Alihesabu, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaniuliza kama niliwapikia ugali kweli. Nikamwambia ndiyo, na mmoja aliupenda kupita kiasi. Nikapita kwa wengine wote, mlango kwa mlango. Kabongo nilimwacha wa mwisho, nikamkuta ana mteja kitini. Nilimwekea bahasha juu ya meza, kando ya mashine. Hakuifungua. Alizima mashine, akanifunua shati kwa nyuma, akanichunguza ubavu wa kulia, akahamia wa kushoto.

"Yote mbili iko," alimwambia mteja wake. Kisha akanisukumia kiti. "Kaa, grand. Leo nakunyoa bure."