Vidonge Ndani ya Chai Tamu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kuonja na akatupa umri wa kutafakari tulichokionja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na kila aliyemfuata.

Nilikuwa mpishi wa shughuli. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, huko Michenzani, masufuria yakiwa uani baina ya majumba. Mkubwa wa jiko alinikabidhi chai. Maji yakichemka unatia tangawizi iliyotwangwa na iliki, kisha majani. Rangi ikikolea, sukari inamiminwa humo humo sufuriani, ya watu wote.

"Chai ya khitma haina chako na changu," aliniambia. "Ukipeleka chai chapwa, mfiwa ataitwa bahili."

Nikalifuata neno lake Jang'ombe, Amani na Mji Mkongwe, hata baada ya yeye kustaafu na kuniachia jiko.

Miaka hii ya karibuni maradhi ya sukari yameingia majumbani mwetu, na pamoja nayo vile vidonge vyeupe vya kutia utamu, vidogo kuliko punje ya mchele. Mgonjwa huvitia katika chai isiyo na sukari. Mwenzangu tangu chuo cha Kurani, Sheikh Makame, aliyekuwa akiongoza kisomo, aliletewa kikasha na binti yake muuguzi. Siku moja nikamwona anavidondosha katika chai yangu, nami nilikwisha kuitia sukari kama kawaida.

"Vinakata sukari hivi," alinieleza. "Kwako nnatia viwili, mkono wako mzito."

"Gawa, Sheikh, usistarehe peke yako!" alisema aliyekaa naye mkekani. Kikasha kikazunguka, kila mwenye maradhi hayo akatia chake na kunywa kwa raha.

Nilimuuliza binti yake.

"Havikati kitu, Ami yangu," alisema. "Vinatia utamu pale ambapo sukari haimo, basi. Baba nshamwambia, hasikii."

Nikamwita Makame pembeni, nikamweleza. Kwanza alicheka. "Toka lini mpishi akawa daktari?" Kisha akashusha sauti. "Pengine mwanangu asema kweli. Lakini nikidai kikombe changu mbali, watasema nshakwisha. Na mfiwa ataona nimeidharau chai yake."

Basi nikajaribu kwa wenye nyumba. Kule Amani nilimwomba mama mmoja mfiwa aniruhusu niiache sukari mbali, kila mtu ajitilie.

"Wee Bwana!" alinijibu. "Nimenunua polo zima la sukari, halafu watu wakatangaze nimebana? Tia yote."

Nikatia. Kila nyumba jibu lilikuwa hilo hilo, na Makame akaendelea na vidonge vyake viwili. Kikaja kidonda cha kidole, kilichoanza kwa kuchubuliwa na kiatu. Hakikupona. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Shughuli yangu ya mwisho ilikuwa nyumbani kwake Jang'ombe, khitma ya marehemu kaka yake. Aliniagiza mwenyewe: chai bila sukari, na sukari katika bakuli. Yeye alikaa kitini, hawezi tena kukaa mkekani. Mmoja akaonja, akakunja uso.

"Sheikh, chai chapwa hii!"

"Ile tamu imenila mguu," alisema Makame. "Bakuli hilo hapo. Atakaye, atie."

Wawili watatu wakatoa vikasha vyao, na kwa mara ya kwanza vidonge vile viliingia katika chai isiyo na sukari, kama vilivyokusudiwa. Wengine wakachota sukari. Hakuna aliyemwita mtu bahili.

Sasa nimestaafu, nashukuru Mola kwa riziki na afya. Lakini kila nikiliona bakuli la sukari, moyo huniuma. Bakuli la kawaida, halikosekani jikoni kwa mtu yeyote, na kulifikisha mkekani kumegharimu mguu wa mwenzangu.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhi mwili wako, akupe ujasiri wa kusema hitaji lako mbele ya watu, na akujaalie watu wa kulisikia. Amin.