Wageni Wanaojipikia

Mdogo wangu ana nyumba ya wageni bondeni, upande wa Kigwa, na mimi naionea wivu. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Wala si nyumba kubwa. Ni ile ile aliyoijenga marehemu baba kwa matofali ya kuchoma: vyumba viwili, sebule, na baraza inayotazama majaruba ya mpunga. Baba alipofariki, mama alisema nyumba imekuwa pana mno kwa mtu mmoja, akahamia kibanda cha uani. Mdogo wangu akaikarabati ile kubwa. Akaezeka bati jipya, akafunga umeme wa jua, akaweka jiko la gesi na kabati la sahani na masufuria. Watu wanaikodi kwa siku kadhaa, wanakuja na mchele na mafuta yao, wanajipikia, wanaosha vyombo, wanakwenda zao. Hatangazi popote. Chema chajiuza. Aliyelala pale anamsimulia mwenzake, na mwenzake anapiga simu.

Wengine wanasema wamekuja kuiona njia ya zamani ya misafara. Sijui wanaona nini, maana ni kijia cha mchanga nyuma ya mashamba na wanaokitumia siku hizi ni mbuzi. Babu zetu walibeba mizigo ya watu hadi pwani na kurudi. Leo watu wa pwani wanabeba mabegi yao wenyewe kuja kwetu, na wakifika wanajipikia. Mimi hilo hunichekesha. Mdogo wangu halimchekeshi hata kidogo, anasema namharibia biashara.

Lakini wivu wangu haukuwa wa biashara. Ulikuwa wa kulala. Kwetu mtoto wa kwanza akishaachishwa ziwa hupelekwa kulelewa na bibi, na hakuna anayemuuliza mtoto wala mama yake. Mimi nilipelekwa Puge kwa mama yake mama. Nikakulia huko, nikasoma huko, na posa yangu ililetwa huko huko, nikaolewa mjini. Bondeni nilikuja likizo tu. Nilitandikiwa mkeka sebuleni, nikawekewa maji ya kuoga, nikaambiwa nisishike ufagio maana nimetoka safari. Mdogo wangu alikuwa akilala na mama chumbani, na asubuhi alitukanwa kwa uvivu wake. Nilitamani mno kutukanwa namna ile.

Sasa mtu yeyote mwenye simu na nauli analala chumba kile, na mama anamwita mwanangu.

Mwaka huu nilikwenda mvua zikiwa zimeanza, na sukari na sabuni za mama mkononi. Nyumba ilikuwa na wageni, mke na mume kutoka Dar na watoto wao wawili. Sikumkuta mama kibandani kwake. Nilimkuta jikoni kwa wageni, amekaa kwenye kigoda, anamwelekeza yule mke namna ya kuosha uyoga wa porini bila kuuvunja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni wetu wa mjini. Hebu pumzika hapo nje kidogo, namfundisha mwanangu huyu."

Yule mke akanigeukia akitabasamu, vidole vimejaa udongo, akanisalimu "mwangaluka" kwa kilugha chetu, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa leo leo. Mama akacheka kwa raha. Nikaitikia, nikatoka, nikakaa barazani. Mwanangu huyu! Na mimi ni mgeni wa mjini. Niliusikiliza mwiko ukigonga sufuria, nikasikia vitunguu vikikaangwa, na nyanya, na mama akisema, "Vizuri, mwanangu, usiharakishe." Roho iliniuma mpaka nikaona aibu. Mtu mzima, nina wajukuu, namwonea kijicho mwanamke anayekaanga vitunguu.

Asubuhi yake nilidamka nikachukua kikapu cha uyoga uliobaki. Nilikuwa nimeshapata la kufanya. Kama mgeni ni yule, basi mwenyeji ni mimi, na kwetu hakuna mwenyeji anayekaa akitazama mgeni wake akihangaika na moto. Nikawasha kuni kwenye mafiga ya mama. Nikapika uyoga kwa namna ninayoijua, nikasonga ugali wa mtama, nikapanga kwenye sinia, nikafunika kwa kawa, nikajitwika. Nilipita uani kichwa juu kama bibi harusi.

Mdogo wangu alinikatiza njia.

"Dada, unapeleka wapi?"

"Kwa wageni."

"Hawa wanajipikia, dada."

"Kwetu mgeni hajipikii."

"Dada, wamelipia kujipikia!"

"Basi wamelipia aibu yetu," nikamwambia, nikampita.

Mlangoni nikapiga hodi. Yule mke alikuwa ameshabandika sufuria, na mama yupo pale pale kwenye kigoda chake. Niliona uso wa yule mke ukihangaika: ashukuru, au aulize amekosea nini. Alikuwa na adabu. Alizima gesi, akapokea sinia kwa mikono miwili, akaita watoto na mumewe. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu ananitazama kwa macho ya mtu atakayenisema baadaye. Ilinijia hapo kwamba nimemkosesha mgeni kazi aliyosafiri kutoka Dar kuja kuifanya. Lakini sinia lilikuwa limeshatua, na bado nilitaka mama aone.

Mama alimega tonge, akachovya, akala. Akatafuna polepole. Akamega tena, na safari hii hakuchovya haraka. Aliuangalia ule mchuzi mweupe.

"Umepika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hukutia vitunguu."

"Bibi hakuwa anatia."

"Na karanga hizi hukuzikaanga."

"Zinatwangwa mbichi, kisha zinachujwa. Tui lake unalimimina uyoga ukishaiva."

Nilisubiri sifa. Nilizisubiri kwa njaa, sitaficha.

"Mimi sijui kupika hivi," mama akasema. "Huu uyoga ninaoufundisha watu nilijifunza kwa mama mkwe. Mama yangu hakunifundisha kupika kitu."

Nilijua kwamba mama naye alikuwa mtoto wa kwanza, na kwamba alilelewa Usinge na bibi yake mzaa baba. Nilijua tu kama mtu anavyojua jambo la ukoo, sikuwahi kukaa nikalifikiria.

"Mama yangu nilikuwa napelekwa kumsalimia," akaendelea, na hakuwa akimwangalia mtu. "Nakaa kidogo, narudishwa Usinge. Nilipokuzaa wewe, wazee wakasema ni desturi, mtoto aende Puge. Nikakupeleka mwenyewe, nimekubeba mgongoni. Nikamwona mama yangu anakupa kila kitu nilichokuwa nakitaka mimi. Ukija hapa likizo unaongea kama yeye, unacheka kama yeye, unakaa kama yeye. Ningekufundisha nini mimi? Kila ukija, nilikuwa nakuonea wivu. Mtoto wangu mwenyewe."

Mdogo wangu akasema, "Mama," kwa sauti ya kumzuia. Mama akamwinulia mkono anyamaze.

Miaka yote ile nilikaa kwenye mkeka wa sebuleni nikidhani sipendwi, kumbe aliyenitandikia alikuwa ananitazama mimi kwa jicho lile lile nililokuwa namtazamia mdogo wangu. Hasira niliyokuja nayo niliitafuta sikuiona. Wivu ulikuwepo bado, lakini sasa sikujua niuelekeze kwa nani. Yule mke wa Dar aliwachukua watoto taratibu akawatoa nje, na mumewe akafuata, chakula chao wamekiacha.

Mama alilivuta bakuli la uyoga karibu yake. Alikula tonge baada ya tonge, bila kumkaribisha mtu, mama ambaye hajawahi kula bila kusema karibu. Bakuli lilipokaribia kwisha ndipo akauliza, "Alikuwa anakuita nani?"

"Bibi?"

"Ndiyo. Ulipokuwa mdogo. Akikuita uje kula, alikuwa anasemaje?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Sikuwa na sababu ya kulificha, nililiona la kawaida tu, na baadaye, nilipokua, liliniudhi, maana bondeni sikuwa na nafasi yangu, na Puge nako nikajikuta nashika nafasi ya mwingine.

"Alikuwa ananiita jina lako, mama. Mpaka nilipoanza shule ndipo nikajua kwamba mimi nina jina langu."

Tonge lilibaki mkononi mwake. Nje watoto wa wageni walikuwa wakikimbizana barazani, wakapita mlangoni, wakarudi.

"Sema tena," mama akasema.

Nikamwambia tena.