Kodi ya Panya

"Mama, gari lako lina kodi," fundi alisema wiki hii, akitazama mashine ndogo aliyoichomeka chini ya usukani.

Mama huyo, aliyetoka Mwigobero na magunia ya dagaa, alishika kiuno. "Kodi gani tena? Mimi nalipaga zote! Zima hiyo taa ya dashibodi niwahi gulio la Bunda."

Gereji nzima ya Kamunyonge ilicheka. Mimi najifunza ufundi hapo tangu nilipoishia kidato cha pili, na sikucheka. Mawingu yalikuwa mazito; gari lingezimika njiani, dagaa wake wangelowa. Nikamweleza kwamba kodi hii si ya serikali, ni "code" ya Kiingereza, namba ambayo gari hutunza likihisi hitilafu, na yake ilitaja sensa, kifaa kinachopima joto la injini.

"Basi wekeni sensa mpya."

"Subiri, mama," nikamwambia. "Namba inatuonyesha pa kutazama. Haijasema sensa imekufa."

Tukafungua boneti, nikaufuata waya wa sensa kwa kidole hadi ulipokatika. Ulikuwa na alama za meno. Panya walifuata harufu ya dagaa! Fundi akaunga waya, akafuta namba, akawasha gari. Taa haikurudi.

Siku hizi nasikia sana watu wakisema, "Mashine imesema tununue kipuri kipya." Mashine haijawahi kufungua boneti.

Mama alipokuwa anaondoka, alinichungulia dirishani. "Mwanangu, kodi zote nalipaga. Hii ya panya nitailipa kwa paka."