Sauti ya Kibanda cha Kushoto

Mzee wangu Mtaliano wa Woolwich, hapa London, alifariki wiki iliyopita. Nasema wangu, ingawa sina haki hiyo. Nilikuwa mhudumu tu, natumwa na wakala kumwogesha na kumpa chai, na ana wapwa zake kwao watakaomzika. Ila niliyemkuta ni mimi. Niliita mlangoni kama kawaida, hakuitika, na ile korido yake fupi nikaiona ndefu. Nikikosea mambo ya vita aliyonisimulia, mnisamehe. Shule yangu iliishia la saba, na ninayoyajua nimeyapata kwake.

Alikuwa amepita miaka mia. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, askari katika divisheni ya ulinzi wa pwani, kusini mwa Italia. Msidhani ni jeshi la kutisha. Wengi walikuwa baba za watu, wakulima wa vijiji vya hapo hapo, bunduki za zamani, viatu vibovu, wamewekwa mmoja mmoja au wawili wawili kwenye vibanda vya zege watazame bahari. Ili kujua mwenzako yupo, waliitana: kibanda cha kwanza kinapaza sauti "Nipo!", cha pili kinapokea, hivyo hivyo mpaka mwisho wa ufuko. Asubuhi moja ya ukungu, meli za adui zilipojaa baharini, mzee alijikojolea. Aliniambia hivyo, bila haya. Alitaka kukimbia. Lakini kushoto kwake akasikia "Nipo!", basi akabaki. Akapigwa risasi ya mguu, akatekwa, akaletwa Uingereza, asirudi tena kuishi kwao.

Miaka mingi baada ya vita ndipo alipoambiwa kwamba kibanda cha kushoto kilikuwa kitupu. Wenyewe walikuwa wameenda nyumbani kupura ngano, na askari wa kibanda kinachofuata akawa anasogea hapo kuitika kwa niaba yao wasije wakaadhibiwa. Walikuwa na mtindo huo wa kufichiana, maana nyumbani ni karibu na mavuno hayangoji vita.

"Sasa babu," nilimuuliza, "yule alikudanganya au alikusaidia?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mwanamke, hilo najiuliza tangu hujazaliwa. Lete chai."

Nami sijui. Wala nisipendelee: jeshi lile lilikuwa la dikteta, na wenzao walishaingia nchi za watu kwa mabavu, hata huku kwetu Afrika. Pengine ni heri pwani ile haikulindika. Lakini hofu ya mtu mmoja ndani ya kibanda naielewa.

Tangu ajue hayo hakuamini tena sauti. Ukiita mlangoni anajibu, "Njoo nikuone uso!" Mwenzangu wa zamu ya jioni, dada wa Mombasa, alishachoka. "Wee shoga, wagonjwa wote hawa na dakika ndo hizi?" aliniambia sokoni Lewisham. "Mimi naita. Akiitika, mzima huyo, natia kwenye simu ya kazi kwamba nimemwona, nakimbilia basi langu."

"Na siku asipoitika?"

"Hapo ndo naingia!"

Tukacheka. Simlaumu. Analea watoto peke yake, na ile ratiba hakuipanga mtu aliyewahi kumvalisha mzee soksi.

Ninachoogopa ni kwamba sisi wenyewe hapa London tunaishi vibandani. Mama akipiga simu kutoka Dodoma namwambia nipo salama, hata siku ambayo nimelia kwenye treni. Naye ananijibu yupo salama. Sijui huko kibandani kwake kukoje.

Jioni ya siku ile niliyomkuta mzee amefariki, nilirudi nyumbani. Binti yangu alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Nikamuuliza kama yuko sawa. "I'm fine, Mum." Kila siku hunijibu hivyo, nami hupita kwenda jikoni. Safari hii nilishika kitasa nikaogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ile korido. Nikafungua. Alikuwa amekaa sakafuni na koti lake la shule, viatu hajavua, macho mekundu.

"Nimesema niko sawa," akaniambia, kwa Kiswahili.

Nikakaa naye pale chini. Aliyonieleza ni yake, siyaandiki. Kama nina haki ya kumpa mtu somo, langu ni hili: mtu wako akiitika, shukuru, kisha ingia umwone uso.